Mwizi Hayumo Nyumbani: Uchambuzi wa Kisa cha Bi Mize na Mkaza Mwana Wake

Kisa hiki kilianzia barazani kwa sheha. Hospitali ilikuja baadaye sana. Mama mmoja wa shehia ya upande wa Wete, Pemba, alikwenda kumshitaki mkaza mwana wake kwa wizi. Fedha za kukodisha mikarafuu yake, alisema, alizitia kwenye kijaluba, kijaluba akakiweka chini ya godoro, na sasa hakipo. Ndani ya nyumba wanalala watu wazima wawili tu, yeye na mkaza mwana. Kwa hiyo hakukuwa na haja ya kupiga ramli.

Nitawaita Bi Mize na Raya. Majina yote humu nimeyabadilisha, pamoja na mambo madogo madogo ambayo yangemfanya jirani awatambue. Mumewe Raya, Hamad, ni mvuvi, na wakati huo alikuwa dago, kambi ya wavuvi ya mbali. Akapigiwa simu arudi. Kabla hajafika likazuka la pili: akatokea mtu na karatasi yenye dole gumba la Bi Mize, akidai kuwa kakodishwa mikarafuu ile ile, msimu ule ule, na fedha kashatoa. Sasa zikawa karatasi mbili, wakodishwaji wawili, shamba moja.

Sheha alizisoma zote mbili, akafikia pale ambapo wengi wetu tungefikia: humu ndani kuna mtu anamtumia mzee. Na anayekaa na mzee ni mmoja.

Mimi ni muuguzi. Nilikutana na familia hii miezi kadhaa baadaye, Bi Mize alipoletwa wodini, na ugonjwa wake ukaja kujulikana kuwa ni demensia, yaani ubongo kupoteza taratibu kumbukumbu na uwezo wa kupanga mambo. Yaliyotangulia nimeyapata kwa Raya, kwa Hamad, kwa dada yao Time, kwa jirani mmoja mpishi, na kwa sheha mwenyewe. Wamekubali yaandikwe, na Raya ndiye aliyetaka zaidi kuliko wote.

Mambo yaliyopita bila kuonwa

Umri wa Bi Mize hauna karatasi ya kuaminika. Mwenyewe husema kuwa wakati wa Mapinduzi alikuwa mwari, anachuma karafuu na mama yake. Mapinduzi ni Januari 1964, kwa hiyo yuko kwenye sabini na kitu. Hakuwahi kusoma skuli. Qur'ani aliisoma chuoni na sura nyingi fupi anazo moyoni.

Kwa miaka mingi alikuwa mpishi wa shughuli. Harusi, maulidi, hitma, sufuria kubwa ni lake. Kama miaka mitatu kabla ya kesi ya sheha, kwenye maulidi moja alitia chumvi mara mbili. Watu wakacheka, wakala. Harusi iliyofuata alisimama mbele ya sufuria na upawa mkononi, vitunguu vinaungua, hajui kinachofuata, mpaka yule jirani akamwambia, "Bi Mize, tia viazi." Baada ya hapo akaacha kwenda. Akisema moshi unamuumiza macho. Mtaani ikasemwa anaringa.

Nyumbani aliendelea kupika vizuri, ndiyo maana Raya hakushtuka. Wali na mchuzi wa watu watano ni kazi ya mkono. Pilau ya watu mia mbili ni kupanga: nini kabla ya nini, kiasi gani, moto upungue wakati gani, nani atumwe maji, na yote yawemo kichwani kwa pamoja. Uwezo huo wa kupanga huanza kuyumba mapema katika aina nyingi za demensia, na mwenye nao huwa wa kwanza kuhisi. Anachofanya ni kujitoa, na kutafuta sababu ya heshima. Ningekuwa na nafasi ya kuchagua dalili moja tu ya kuwaambia watu waiangalie, ningechagua hii kabla ya kusahau majina: mtu aliyekuwa fundi wa jambo fulani na ghafla halitaki tena.

Mengine yalikuja taratibu. Kuuliza "Hamad keshakuja?" na kuuliza tena kabla sufuria halijaepuliwa. Kupotea njiani akitoka mazikoni, njia aliyoipita maisha yake yote, mpaka watoto wa chuoni wakamrudisha. Kuficha vitu. Fedha ya Pensheni Jamii, ile ambayo Serikali ya Mapinduzi ilianza kuwalipa wazee wa miaka 70 na zaidi mwaka 2016, ikawa "inapotea" kila mara ndani ya wiki ile ile aliyoipokea. Raya aliyaona yote haya. Alimwambia mumewe, naye akajibu kuwa mama amekuwa mtu mzima tu, wazee wote wanapiswa.

Na hapa kuna jambo ambalo sijaliona likielezwa vya kutosha kwetu. Mtoto mkubwa wa Bi Mize, Kombo, anaishi Dar es Salaam na humpigia mama yake simu kila Ijumaa. Kila Raya alipolalamika, Kombo alisema: mama ni mzima, nimeongea naye sasa hivi. Hakuwa anasema uongo. Mazungumzo yenyewe ndiyo haya:

"Shikamoo mama."
"Marahaba mwanangu. Hujambo?"
"Sijambo. Habari za huko?"
"Nzuri, alhamdulillahi. Wajukuu zangu hawajambo?"
"Hawajambo."
"Na mwenzio?"
"Yupo, anakusalimu."
"Nami mwambie namsalimu sana. Haya mwanangu, Mungu akuhifadhini."

Humo hamna swali hata moja linalohitaji kumbukumbu ya leo wala ya jana. Salamu zetu ni ndefu, zina mpangilio wake, na mtu amezisema mara nyingi mno tangu utotoni. Huondoka mwisho kabisa. Mtu anaweza kuwa hajui ni mwezi gani akakusalimia vizuri kuliko kijana. Hata ungemuuliza "Mchana umekula?" ungepata "Nimekula, alhamdulillahi", jibu sahihi lisilo na habari yoyote ndani yake. Aliye mbali anayetaka kujua hali ya mzazi wake inambidi avuke salamu: jana alikuja nani, mmezungumza nini, samaki gani kaletwa, mtoto wa Time sasa ana umri gani. Asubiri jibu, na asimsaidie kulipata.

Kwa hiyo mama alipimwa kwa kile ambacho ugonjwa hukiacha mwisho, yaani adabu, salamu na dua, na mkaza mwana akapimwa kwa kile ambacho ugonjwa hukichukua mwanzo, yaani kumbukumbu ya kitu kilipowekwa. Mizani ya namna hiyo haiwezi kutoa hukumu nyingine.

Kwa nini Raya

Ubongo una sehemu inayoandika matukio mapya, na katika ugonjwa wa Alzheimer, ambao ndio chanzo cha demensia kwa wagonjwa wengi, sehemu hiyo ni miongoni mwa zinazoshambuliwa kwanza. Bi Mize alikitoa kijaluba chini ya godoro akakificha pengine. Tendo hilo halikuandikwa. Kilichobaki ni la zamani: fedha yangu huiweka chini ya godoro. Anafunua godoro, hakuna. Anayeingia chumbani mwake kufagia na kutandika ni Raya. Ukiifuata hoja yake haina kasoro. Kinachokosekana ni kipande kimoja cha habari, na yeye hawezi kujua kuwa kinakosekana.

Ndiyo maana kubishana naye hakusaidii, na ndiyo maana anayetuhumiwa huwa karibu kila mara ni yule anayehudumia. Kombo hawezi kutuhumiwa kwa sababu hayupo. Anayemwogesha, anayemfulia, anayegusa vitu vyake, huyo ndiye atakayeitwa mwizi.

Jambo hili lina umri sawa na ugonjwa wenyewe ulivyojulikana. Mgonjwa wa kwanza aliyeelezwa na daktari Alois Alzheimer, kwenye mkutano wa madaktari nchini Ujerumani mwaka 1906, alikuwa mwanamke aliyelazwa Frankfurt akiwa na miaka 51. Dalili ya kwanza iliyotajwa kwake haikuwa kusahau. Ilikuwa wivu mkali juu ya mumewe. Baadaye ndipo yakaja mengine, pamoja na kuhamisha vitu na kuvificha. Hata kule basi, ugonjwa ulipiga hodi kama ugomvi wa nyumbani.

Hamad alirudi kutoka dago, akamsikiliza mama yake, na mama hakutaka jingine ila Raya aachwe. Hamad hakumwacha, ila alimrudisha kwao na mtoto wao mchanga "mpaka mambo yapoe". Time, binti wa Bi Mize, akaja kukaa na mama yake.

Wiki ya pili Time akaambiwa kaiba kijaluba.

Tuhuma ilihama kama ilivyo, maneno yale yale, godoro lile lile, kwa mtoto wa kumzaa. Kwa muuguzi hilo peke yake lingetosha kuelekeza njia. Familia nayo iliona kuwa jambo si Raya, ila ikaruka moja kwa moja kwenye maelezo mengine: mama kaingiwa. Akapelekwa kwa fundi, yaani mganga. Raya aliitwa arudi, bila ya mtu kumwomba radhi.

Kuhusu uganga sitasema mengi. Kombe la maji na aya sina ugomvi nalo, na wapo wazee waliotulia kwa kusomewa tu kwa sababu sauti ya Qur'ani wanaijua na kusomewa ni kukaa karibu na mtu. Ninachogombana nacho ni dawa za kunywa zisizojulikana, kumfukiza mtu mwenye pumzi hafifu, na miezi kupotea. Ajabu yangu ni kuwa aya ya Surat an-Nahl inayotaja wanaorudishwa kwenye umri ulio duni hata wasijue kitu baada ya kuwa wanajua, sote tumeisikia tangu chuoni. Likitokea nyumbani kwetu tunatafuta jini.

Usiku wa Ramadhani

Kilichomfikisha hospitali kilikuwa kitu kingine kilichompanda juu ya huo ugonjwa wa taratibu. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani na joto. Bi Mize alikuwa hafungi kikamilifu, anakula mchana akisahau, lakini maji alikunywa kidogo sana. Akapata mafua. Duka la dawa likampa vidonge vidogo vya njano vya mafua na mwasho, klofeniramini, bila ya kuulizwa umri wala kuambiwa lolote.

Ndani ya siku mbili alibadilika kabisa. Mchana anasinzia hata mdomoni mna tonge. Usiku haonji usingizi, anaokota visivyoonekana juu ya shuka, anaona watoto wamekaa juu ya boriti. Saa moja anamjua Raya, saa nyingine anamwita kwa jina la dada yake aliyekufa. Homa kidogo. Anakwenda haja ndogo mara kwa mara na analia akikojoa, jambo ambalo Raya aliligundua na hakuna aliyemuuliza mpaka alipofika wodini.

Huku ndiko kuchafukwa akili kwa ghafla, na si demensia kuongezeka. Tofauti yake wauguzi tunaitafuta kwa maswali machache: imeanza lini, saa au siku, au miezi? Inapanda na kushuka ndani ya siku moja? Mtu anaweza kukusikiliza, au macho yanazunguka? Demensia peke yake huja kwa miezi na miaka, na mgonjwa huwa macho, anakutazama. Kinachokuja kwa siku mbili kina chanzo chake mwilini, na mwenye demensia hukipata kwa urahisi zaidi kuliko mwingine: maambukizi ya mkojo au kifua, kukaukiwa maji, choo kigumu cha siku nyingi, chumvi ya damu kushuka, sukari, maumivu, au dawa.

Kipimo cha malaria hakikuonesha kitu, na siku hizi Zanzibar malaria ni chini ya asilimia 1 ya watu, kwa hiyo ni hatari kusimama hapo na kusema "hana kitu". Mkojo ulionesha maambukizi. Shinikizo la damu lilikuwa juu sana. Vidonge vya presha aliwahi kupewa, akavinywa, na vilipokwisha akaona kapona. Zile dawa za njano zilisitishwa siku hiyo hiyo. Klofeniramini huzuia kemikali moja ya ubongo ambayo mgonjwa wa Alzheimer tayari ameipungukiwa. Kwa kijana inaleta usingizi, kwa mzee kama huyu inamtoa akilini.

Usiku wa kwanza ndugu mmoja aliomba mama achomwe sindano ya kulala ili watu wapumzike. Nilimwelewa. Lakini dawa zile za kutuliza wagonjwa wa akili zina hatari kwa wenye demensia. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliziwekea onyo lake kali kabisa mwaka 2005 kwa dawa mpya na 2008 kwa za zamani, kwa kuwa vifo huongezeka. Zipo nyakati zinatumika, mgonjwa akiwa hatari kwake au kwa wengine na mengine yote yameshindikana, kwa dozi ndogo na muda mfupi. Bi Mize aliwekewa dripu na antibayotiki, Raya akawekwa kitandani kwake ili sura anayoijua iwe karibu, taa ikaachwa hafifu, na kanga iliyotundikwa dirishani ikaondolewa kwa sababu kila Magharibi aliiona mtu. Siku ya nne akaomba chai.

Watoto walifurahi, wakasema mama kapona. Hakurudi pale walipopatarajia. Alirudi pale alipokuwa kabla ya Ramadhani, na kwa mara ya kwanza wote watatu walikuwepo pamoja kupaona.

Kupima bila kalamu

Hukumu ya demensia haitolewi mtu akiwa amechafukwa. Alirudishwa kliniki baada ya wiki kadhaa, akiwa ametulia, na masikio yamesafishwa nta. Mtu asiyesikia vizuri hufeli kila kipimo.

Vipimo vingi vya kumbukumbu vimetungwa kwa watu waliosoma: chora saa, andika sentensi, hesabu kurudi nyuma. Kumpa kalamu mama ambaye hajaishika maisha yake yote ni kumdhalilisha na kujidanganya. Watafiti waliofanya kazi wilaya ya Hai, Kilimanjaro, waliliona hilo. Uchunguzi wao uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta demensia kwa asilimia 6.4 ya watu wa miaka 70 na zaidi, na kutokana na kazi ya huko kikatungwa kipimo kifupi kinachotumia njiti za kiberiti badala ya kalamu. Ndicho kilichotumika.

Aliulizwa sheha wao nani, akataja jina la sheha aliyefariki zamani. Akaambiwa ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja: mbuzi, ng'ombe, kuku, mbuzi, paka, mbuzi. Yale maneno kumi aliyosomewa hakukumbuka hata moja baada ya muda mfupi, wala hakukumbuka kuwa alisomewa maneno. Njiti nne zilipangwa mbele yake, zikavurugwa, akaambiwa azipange vile vile. Alizikusanya zote mkononi akatazama huku na huku kutafuta jiko.

Kipimo peke yake hakitoshi. Nusu ya ushahidi ni ya anayeishi naye. Raya aliulizwa kwa urefu: nini alikuwa akikifanya na sasa hakiwezi, tangu lini, kimeshuka polepole au kwa ngazi. Damu ilipimwa kutafuta vitu vinavyojifanya demensia na vinatibika: upungufu wa damu, figo, sukari, tezi la shingo, VVU, kaswende. Vitamini B12 ikikosekana pia huleta hali hiyo, na sonona ya uzeeni nayo. Picha ya kichwa ingemaanisha kuvuka kwenda Unguja. Daktari alieleza kuwa hakuanguka, hana udhaifu wa upande mmoja, na mwendo wa ugonjwa umekuwa wa taratibu kwa miaka, kwa hiyo picha isingebadilisha matibabu. Familia ikaridhika. Jibu likawa: demensia, yumkini Alzheimer iliyochanganyika na madhara ya presha kwenye mishipa ya ubongo, hatua ya kati.

Hamad aliuliza dawa. Zipo, kama donepezili, ambazo kwa baadhi ya wagonjwa huinua uwezo kidogo kwa muda, haziuzuii ugonjwa. Waliambiwa bei na faida bila ya kupakwa mafuta, wakaamua fedha iende kwenye vidonge vya presha, visivyokatishwa tena, na kwenye mtu wa kusaidia. Naona waliamua vizuri. Mtoto wa jicho alionao atafanyiwa upasuaji. Kuona vibaya na kusikia vibaya vyote vinahesabiwa miongoni mwa mambo 14 ambayo jopo la jarida la Lancet mwaka 2024 lilikadiria kuwa, yakishughulikiwa tangu ujanani, karibu asilimia 45 ya demensia ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Presha imo. Kutosoma imo.

Nyumba ilivyopangwa upya

Kijaluba kilipatikana. Kilikuwa ndani ya gunia la makonyo, vile vikonyo vya karafuu, ukumbini, gunia ambalo hakuna angelifungua kabla ya siku ya kuuza. Fedha nyingine ilikutwa imefungwa kwenye pindo la kanga ya zamani. Raya, masikini, alidhani mambo sasa yamekwisha. Akampelekea mavyaa wake kijaluba kwa mikono miwili. Bi Mize akakitazama, akamtazama.

"Ala. Umeona umebanwa ndo umekirudisha."

Kwa hiyo mpango wa kwanza ulikuwa kuacha kuthibitisha. Ushahidi haumfikii. Kinachomfikia ni kama mtu yuko upande wake. Raya alifundishwa maneno mawili matatu na sasa anayasema bila kufikiri: "Hee, kimepotea? Twende tukitafute, mama." Wanatafuta pamoja. Kimenunuliwa kijaluba cha pili kinachofanana, chenye noti ndogo ndogo na sarafu, na "hupatikana" kila siku. Fedha yenyewe hukaa kwa Time.

Jioni ilikuwa shida zaidi. Ikifika kuelekea Magharibi Bi Mize hufunga kanga, hutaka kwenda kwao. Mwanzo walimwambia, "Mama, hapa ndipo kwenu," na ikawa vita. Sasa Raya au mtoto wa Time hutoka naye, wanapita miembeni, wanasalimia nyumba ya pili, wanarudi, na akirudi anakaribishwa. Mlango wa uani umetundikwa njuga. Kisima kimefunikwa ubao mzito. Kiberiti na mafuta ya taa viko juu, na kupika anapika bado, akiwa na mtu: anakuna nazi, anachambua mchele. Anapewa kikombe cha maji kila adhana, na ndio mpango bora wa kumzuia kukaukiwa nilioona, kwa sababu haumtaki mtu akumbuke saa.

Swala ilikuwa na utata wake. Alikuwa akiswali Magharibi mara tatu, nne, na Hamad akawa anamzuia. Mwalimu wa chuo aliwaeleza kuwa aliyeondokewa na akili kalamu imeinuliwa kwake, hadaiwi. Akiswali mara nne haina neno, asiposwali haina neno. Wakamwacha, na ugomvi mmoja ukapungua.

Kuoga alikataa kabisa kwa Raya. Hilo halikuwa ugonjwa. Ni haya, mavyaa kuvuliwa nguo na mkaza mwana ni jambo zito hata kwa mwenye akili zake. Time anakuja kwa hilo, au somo yake wa zamani, na huogeshwa ndani ya kanga, maji ya uvuguvugu, kwa kuambiwa kila kinachofuata.

Na mikono yake bado ina kazi. Ukimpa miyaa anasuka ukili. Nilikaa naye ukumbini siku moja akasuka zaidi ya dhiraa, mistari sawa, ukingo umenyooka, huku akiniuliza mara ya nne mimi mtoto wa nani. Ustadi wa mkono hukaa mahali pengine katika ubongo, hauguswi mapema. Mkeka hawezi tena kuushona, kwa sababu kuushona ni kupanga. Kwa hiyo haombwi mkeka. Ukili hukunjwa, anaambiwa umependeza, na kesho anaanza mwingine.

Wanaobaki wanadaiwa nini

Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 57 walikuwa na demensia mwaka 2021, zaidi ya asilimia 60 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Nyingi ya nchi hizo mpango wa matunzo ni mtu mmoja, mara nyingi mwanamke, mara nyingi asiye wa damu. Kwa Bi Mize mpango huo ulikuwa Raya, mwenye mtoto mchanga, aliyeitwa mwizi barazani mbele ya watu.

Kikao cha familia kilichofanyika baada ya kliniki kilikuwa kizito kuliko kliniki. Kombo alikuja kutoka Dar es Salaam akiwa tayari kuongeza fedha anazotuma. Time akamwambia fedha haimwogeshi mama. Mwisho waligawana siku: Ijumaa na Jumamosi Raya huenda kwao na Time hukaa, Hamad haendi dago zaidi ya wiki moja mfululizo, Kombo huja wakati wa likizo za skuli akakaa na mama yake usiku, yeye mwenyewe, bila mke wala mtumishi. Usiku wa tatu wa zamu yake ya kwanza alishukiwa kaiba kijaluba. Naambiwa alikaa barazani mpaka alfajiri, na asubuhi akamwomba Raya radhi.

Mikarafuu imebaki kwenye jina la mama. Makubaliano yoyote ya kukodisha sasa hufanywa mbele ya watoto wote watatu na sheha, na dole gumba la Bi Mize pekee halihesabiwi. Sheha mwenyewe ndiye aliyetangaza hivyo baada ya kuelezwa ugonjwa. Kama kuna mzee nyumbani aliyeanza kupiswa, jambo la mali lishughulikiwe mapema, angali anaweza kusema anachotaka. Yule mkodishwaji wa kwanza alichuma msimu ule. Wa pili alirudishiwa fedha iliyokutwa kwenye gunia na kwenye pindo la kanga, haikutimia, na kilichobaki Kombo na Hamad wamekubali kumlipa kwa karafuu kavu za vuli ijayo.